Uzi: Shahidi aliyekuwa ndani ya boma la Mahenge, 30 Agosti 1905. Aliona nini, na nini hakukiona?

#1 mtoto_wa_Lupiro

Wakuu, salaam.

Huu uzi nimeuahirisha karibu mwaka mzima. Kila nikikaa kuandika, ama umeme unakatika ama shemeji anapiga simu. Leo nimezima simu. Vuteni viti.

Maji Maji shuleni tuliisoma kwa kukariri: sababu, matokeo, Kinjikitile, Ngarambe, Mjerumani akashinda, kengele ikalia. Sisi wa Ulanga, wilaya yenye Mahenge, tulikuwa tunatazamana tu darasani, maana Mahenge ilipewa mstari mmoja: boma lilishambuliwa. Basi. Mimi leo nataka tukae kwenye huo mstari mmoja.

Kwa waliosahau: vita hiyo ya kumpinga Mjerumani ilianza Julai 1905 kule Nandete, Umatumbi, watu walipong'oa pamba ya shamba la serikali. Tarehe 4 Agosti Wajerumani wakamnyonga Kinjikitile, mganga wa Ngarambe aliyegawa maji ya dawa ya kuzuia risasi, pale Mohoro wakidhani yameisha. Ndiyo kwanza yalikuwa yanaanza. Katikati ya mwezi Askofu Cassian Spiss na wenzake waliuawa wakiwa safarini kuelekea Liwale, boma la Liwale nalo likaanguka, na maji yakawa yameshavuka kuingia bonde la Kilombero. Agosti 30 yakafika mlangoni Mahenge, mikononi mwa Wapogoro na Wambunga.

Boma lilikuwa chini ya Kapteni von Hassel. Ndani kulikuwa na askari, Wazungu wachache, na bombomu mbili (ndivyo wazee walivyoiita ile bunduki ya kumwaga risasi). Mmisionari mmoja aliyekuwemo humo aliandika alichokiona. Nakisimulia kwa maneno yangu, si neno kwa neno.

Safu ya kwanza ilipoingia kwenye masafa, bombomu mbili, Wazungu na askari wakaanza kuwamiminia. Aliona safu inapungua. Lakini waliobaki, anasema, walishika mpangilio wao kwa muda wa kama robo saa, wakizidi kusogea huku risasi zinanyesha. Baada ya hapo ndipo safu ilipovunjika, watu wakajibanza nyuma ya mawe yaliyotapakaa pale.

Mara ukelele: adui mwingine, upande wa Gambira! Wote wakageuka. Moshi mzito unapanda kutoka kwenye shule tatu za misheni, na safu ya pili inakuja, si chini ya watu 1,200. Hao hawakuja kwa mwendo wa gwaride. Walikimbilia kijijini Mahenge, nyumba zikawaficha, kisha wakaibuka barabarani wanapanda kuelekea bomani. Wa mbele kabisa walianguka hatua tatu kutoka kwenye mstari wa wapiga risasi. Hatua tatu! Waliokuwa nyuma yao wakavunjika moyo, wakageuka, wakatawanyika.

Palipotulia Kapteni akateremka kutoka juu ya mnara alikokuwa akitoa amri, akagawa shampeni.

Sasa rudini kwenye ile robo saa. Mtu mzima kwa mwendo wake wa kawaida, robo saa anaweza kumaliza kilomita moja. Toa muda wa kupanda mteremko, toa wa kuruka aliyeanguka mbele yako, bado ni mamia ya mita. Mkononi una mkuki, au upinde, au gobori ambalo ukiwa umbali wa zaidi ya hatua mia unapoteza baruti tu. Maana yake sehemu kubwa ya hiyo robo saa hawakuwa na uwezo wa kumgusa mtu yeyote bomani. Walikuwa wanatembea. Wamepanga mstari.

Nimekua nikisikia kwamba babu zetu walidanganywa na maji. Sawa, maji yanaweza kukufikisha kwenye risasi ya kwanza. Lakini wa kulia kwako kaanguka, wa kushoto kaanguka, damu umeiona. Dakika ya kumi na nne unatembea kwa sababu gani?

Hilo ndilo swali langu. Karibuni.

#2 siti_ya_dirishani

Nimewahi. Naagiza chai na maandazi, uzi kama huu hausomwi na njaa.

#3 mwalimu_wa_zamu

Shukrani mleta uzi. Na mimi ni miongoni mwa hao wanaowakaririsha watoto sababu na matokeo, kwa hiyo jiwe limenipata.

Jibu lako lipo ndani ya dawa yenyewe. Maji hayakuwa kinga tu ya kunyunyiziwa ukaenda zako. Yalikuja na miiko: usipore mali vitani, usimkaribie mwanamke, na mingine. Aliyepigwa risasi akafa, jirani yake hakusema "dawa ni ya uongo". Alisema "huyu alivunja mwiko". Dawa haikuanguka kwa kifo cha mtu mmoja, wala kwa cha kumi. Kila anayedondoka anathibitisha kwamba wewe uliyesimama bado ni msafi.

Kwa mantiki hiyo robo saa haishangazi. Tena inaeleza kwa nini walivunjika ghafla badala ya kidogo kidogo: inafika mahali walioanguka wamezidi, na huwezi kuamini kwamba nusu ya kijiji chako ni wazinzi.

#4 mtoto_wa_Lupiro

Mwalimu, hiyo sentensi ya mwisho imenichekesha na kuniumiza kwa pamoja. Naikubali, ila nusu. Wambunga wana asili ya mapigano ya Kingoni, na kwao kushika safu lilikuwa jambo la kufundishwa tangu ujana. Hata bila tone la maji, kijana aliyelelewa hivyo kuvunja mstari mbele ya wenzake ni fedheha ambayo ataishi nayo. Nadhani tunakimbilia dawa kwa sababu ndiyo iliyoipa vita jina lake.

#5 bundi_mchana

Naomba niwe mchawi wa uzi huu.

Moja, huyo padri alihesabuje watu 1,200? Askari wa Kijerumani wa wakati ule walibeba Mauser ya mwaka 1871, bunduki ya risasi moja moja inayotumia baruti nyeusi. Waliowahi kuona baruti nyeusi ikipigwa wanajua: mipigo mitatu minne humwoni aliye mbele yako. Weka makumi ya bunduki hizo juu ya ukuta mmoja. Hapo unahesabu watu au unahesabu moshi?

Mbili, "hatua tatu" ni lugha ya mtu aliyenusurika. Kila aliyenusurika ajali ya basi atakwambia lori lilimpita kwa unywele.

Tatu, aliandika akijua kwao Ulaya watasoma. Adui akiwa mwingi na shujaa, aliyemshinda anakuwa mkubwa zaidi, na michango ya kujenga shule tatu mpya inakuja haraka.

#6 siti_ya_dirishani

Hapo pa michango umeua.

#7 mtoto_wa_Lupiro

Mchawi karibu, uzi bila mchawi haunogi.

Kuhusu idadi, angalia mpangilio wa maelezo yake. Watu 1,200 anawataja pale walipoonekana kwa mbali upande wa Gambira, pamoja na moshi wa shule. Kutoka juu, kabla hawajapigwa. Simtetei kwamba alihesabu kichwa kimoja kimoja, ila hakukadiria akiwa katikati ya moshi wa baruti.

Hatua tatu, sawa, punguza. Zifanye kumi. Bado kuna mtu alivuka masafa yote ya bombomu mbili akafika mahali anaweza kuona rangi ya macho ya askari.

La tatu ndilo gumu na nakubaliana nalo zaidi ya unavyodhani. Ila kuna kitu kimoja kinachonifanya nimwamini: shampeni. Mtu anayetaka kujionyesha mtakatifu mbele ya wafadhili angeandika kwamba walipiga magoti kusali. Labda walisali. Lakini kilichomkaa kichwani ni Kapteni kushuka ngazi na kugawa kinywaji huku nje watu wamelala chini. Shahidi mwongo hakumbuki kitu kama hicho.

#8 mchele_wa_Kilombero

Mbona hamumtaji Kiwanga? Mnamwogopa?

Mtema (chifu) Kiwanga wa Wabena wa bondeni alisimama upande wa Mjerumani. Watu wake walipigana upande wa boma. Huwezi kusimulia Mahenge ukasema bombomu, Wazungu na askari, ukamaliza. Weusi waliotetea lile boma walikuwa wengi kuliko Wazungu, tena mbali sana. Kwetu mpaka leo kuna watu wakilisikia hilo jina wanatema mate.

#9 bundi_mchana

Msaliti ni msaliti, mkuu. Tusipake rangi.

#10 mwalimu_wa_zamu

Taratibu. Msaliti wa nani? Wabena wa bonde na Wambunga walikuwa wanapigania Kilombero kabla Mjerumani hajapanda kwenye meli. Kiwanga huyo huyo alikuwa ameungana na Wajerumani dhidi ya Mkwawa, mtawala wa Wahehe, miaka ya 1890, na kwa Wabena wa bondeni Wahehe walikuwa tishio la kweli, waliwanyang'anya watoto na ng'ombe. Ukimwambia mwaka 1905 kwamba Mmbunga ni ndugu yake na Mjerumani ndiye adui, angekuuliza tangu lini.

Tanganyika tunayomtuhumu kuisaliti haikuwepo. Lilikuwepo bonde, lilikuwepo jirani mwenye mikuki mingi, na likaja boma lenye bombomu. Alipiga hesabu zake. Unaweza kuzichukia, lakini zilikuwa hesabu.

#11 bundi_mchana

Mwalimu, kwa hesabu hiyo kila kibaraka ana kisingizio.

#12 mwalimu_wa_zamu

Na kwa hesabu yako askari waliokuwa ukutani tuwaweke wapi? Walikuwamo Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani. Nao tuwatemee mate? Nusu ya humu ndani tutakosa babu.

#13 mtoto_wa_Lupiro

Wakuu msipigane, mimi ndiye niliyekosea kumwacha nje. Ila hapo mchele_wa_Kilombero umegusa kitu nilichotaka kukisema sikujua nianzie wapi.

Isomeni tena ile orodha: bombomu, Wazungu, askari. Anazitaja mashine kwanza, halafu Wazungu, mwisho askari. Sijui kama alifikiria alipopanga hivyo, lakini kwa hesabu ya nani aliua zaidi, huo ndio ukweli wa siku ile. Na hakuna mshambuliaji hata mmoja mwenye jina. Huyu ni mtu aliyeishi nao. Alikuwa na shule tatu! Alijua majina ya watoto wao kwenye daftari la mahudhurio. Bila shaka katika ile safu kuna baba wa mwanafunzi, pengine mwanafunzi mwenyewe aliyeacha. Alipowatazama kutoka bomani wakawa "adui" tu, umoja, kama mvua.

Simlaumu sana. Ukiwa ndani ya ukuta na mtu anakuja na mkuki, huangalii daftari.

#14 bi_mkubwa_wa_Vigoi

Wanangu, nimesoma kimyakimya tangu asubuhi. Mimi si mtu wa historia, nilikuwa mfanyabiashara wa nguo mpaka miguu ilipokataa.

Mnabishana Kiwanga na miiko. Mimi nimekwama kwenye chupa.

Ile chupa ya shampeni ilifikaje Mahenge? Mwaka 1905 reli ya kutoka Dar ndiyo ilikuwa inaanza kujengwa, na Morogoro yenyewe ilifika 1907. Gari hakuna. Punda na ng'ombe ndorobo anawamaliza. Kwa hiyo ilibebwa kichwani. Sanduku la chupa, vumbi, mito, mlima wa Mahenge wenyewe mnaujua ulivyo, mpaka leo gari la abiria likipanda abiria wananyamaza. Kuna mtu alilipanda akiwa na lile sanduku, na akiliangusha viboko ishirini na tano vinamsubiri.

Bibi yangu alikuwa akituambia kwamba kilichowachosha watu ni mizigo. Kodi walikuwa wanailalamikia, lakini mzigo ndio uliowatia hasira, kwa sababu askari alikuja kukuchukua wakati wa kulima, ukirudi shamba limeliwa na nguruwe. Basi mimi nikisoma Kapteni amegawa shampeni, najiuliza yule aliyeibeba siku ile alikuwa upande gani wa ukuta.

#15 siti_ya_dirishani

Mama, nimeweka kikombe chini.

#16 mtoto_wa_Lupiro

Shikamoo mama. Nimelisoma lile simulizi zaidi ya mara kumi na sikuiwaza hiyo chupa ilikotoka. Naomba ukikumbuka mengine ya bibi uyaandike humu, hata kama ni vipande.

#17 bi_mkubwa_wa_Vigoi

Marahaba mwanangu. Vipande ndivyo nilivyonavyo. Alikuwa hapendi mbegu za mbono ziingie ndani ya nyumba, za mafuta yale. Tukizichezea anatufokea tuzitupe nje. Tuliuliza kwa nini, akasema "hizo ni za vita". Nilikuwa mtu mzima nilipokuja kusikia kwamba dawa ile ilichanganywa na mbono na mtama. Yeye mwenyewe alizaliwa vita imeshakwisha, ina maana na yeye alifokewa na mtu.

#18 mlinzi_wa_lindo

Nipo kazini, usiku mrefu, naomba kuchangia.

Nimesimama hapa getini nikahesabu hatua tatu. Kutoka kwenye kiti changu zinaishia kwenye nguzo ya geti. Hapo mtu akisimama namsikia anavyohema. Najua alichokula.

Aliyekuwa na bunduki ya risasi moja, akishapiga akakosa, hatua tatu hazimpi nafasi ya kuingiza nyingine. Maana yake pale kwenye barabara bombomu ingekwama kidogo tu, mchezo umekwisha na leo tungekuwa tunasoma Mahenge kama Liwale. Nimewahi kushika silaha kazini, naijua hofu ya kukwama. Bundi anasema lugha ya aliyenusurika. Ndiyo, lakini kunusurika kwenyewe kulikuwa kwa kweli.

#19 bundi_mchana

Mlinzi, nimekuelewa. Hatua tatu nazirudisha.

Ila bado nina neno. Kila anayeandika Mahenge anaishia kwenye shampeni, kana kwamba pazia lilishuka pale. Boma lilizingirwa baada ya hapo! Walioshindwa asubuhi ile hawakwenda nyumbani. Waliendelea kulizunguka mpaka Kapteni Nigmann alipofika na kikosi kutoka Iringa mwezi Septemba. Waliokuwa ndani walikaa wiki kadhaa wanatazama vilima. Hizo wiki hazina masimulizi matamu, ndiyo maana hakuna anayezinukuu.

#20 mwalimu_wa_zamu

Na waliokuwa nje nao walikuwa wanatazama mashamba. Agosti na Septemba ni wakati wa kuandaa shamba, mvua ziko njiani. Mwanamume yuko kwenye vilima analizingira boma, nani anafyeka?

Halafu ikaja awamu ya pili, ambayo wanafunzi wangu huwa wanaisoma kwa sekunde tano. Wajerumani waliona kuwakimbiza watu porini hakumalizi vita. Oktoba 1905 Kapteni Wangenheim aliandika wazi kwamba njaa na dhiki tu ndizo zitakazowafanya watu wanyanyue mikono kabisa. Wakachoma nyumba, wakachoma maghala, wakachukua chakula na mbegu. Makadirio ya waliokufa katika vita nzima yanaanzia 75,000 na kupanda hadi 300,000, na wengi wao hawakuuawa na risasi. Pale Mahenge bombomu ilifanya kazi asubuhi moja. Njaa ilifanya kazi miaka.

Na njaa haikuwa na padri bomani wa kuihesabu.

#21 mchele_wa_Kilombero

Ndiyo maana masimulizi yetu ya nyumbani yote ni ya njaa, hakuna hata moja la bombomu. Babu alisimulia watu kula mizizi na kuuza watoto. Boma alilitaja kama sehemu ya kulipia kodi tu.

#22 mtoto_wa_Lupiro

Hili la mchele nimelisikia pia kwa wengine. Mwaka 1968 wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walitumwa vijijini kuwahoji wazee waliokuwa bado hai, wakakusanya masimulizi mengi sana. Miaka 63 ilikuwa imepita. Aliyekuwa na miaka kumi na mbili mwaka 1905 alikuwa na sabini na tano. Walifika dakika za mwisho kabisa, na bila wao tungekuwa na mashahidi wa upande wa ukuta peke yao.

Hata hivyo, aliyekuwa kwenye safu ya kwanza, mwenye umri wa kushika mkuki, wachache mno walikuwa wamebaki wa kuhojiwa. Yule wa hatua tatu ndio kabisa.

#23 bundi_mchana

Swali la mwisho kabla sijalala. Nyumba za kijiji ziliwaficha kweli mpaka wakaibuka barabarani karibu vile? Mimi sijawahi kufika Mahenge. Kama kutoka bomani unaona kijiji chote chini, simulizi lina tundu. Kama mteremko unaziba, padri yuko sahihi.

#24 bi_mkubwa_wa_Vigoi

Inategemea umesimama wapi mwanangu. Mahenge ukipiga hatua ishirini mlima mmoja unapotea na mwingine unatokeza.

#25 mlinzi_wa_lindo

Mimi ni wa huko, nina likizo kuanzia Ijumaa. Jumapili nikitoka misa Kwiro nitateremka mpaka chini kijijini, halafu nipande barabara kwa miguu kama walivyopanda. Nitapiga picha kila baada ya hatua hamsini, na saa nitashika. Mtoto wa Lupiro, uzi usifungwe.

#26 mtoto_wa_Lupiro

Haufungwi, ndugu yangu. Anzia upande wa Gambira kama utaweza. Na panda kwa kukimbia, usitembee, hao wa pili walikimbia.

#27 mlinzi_wa_lindo

Nina miaka hamsini na mbili mkuu. Nitakimbia mpaka kwenye nyumba za kwanza, halafu tuone.